Kasisi aliyeachwa kazini: kisa cha Gideon Byamugisha na Kanisa la Uganda

Mwaka 1991 mwalimu kijana wa theolojia katika Chuo cha Bishop Tucker kule Mukono, mashariki ya Kampala, alifiwa na mkewe, akabaki na mtoto mdogo wa kike. Miezi kadhaa baada ya maziko, ndugu wa marehemu alimfungulia jambo lililokuwa limefichwa: mke wake alikuwa na virusi vya UKIMWI. Mwaka uliofuata mgane huyo alikwenda kupima, na majibu yakaonyesha kuwa naye anavyo.

Huyo ni Gideon Byamugisha, kasisi wa Kanisa la Uganda, yaani Kanisa la Kianglikana la nchi hiyo, mzaliwa wa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda. Anajulikana kuwa kiongozi wa dini wa kwanza Afrika kutangaza wazi, akiwa bado kazini, kwamba anaishi na VVU. Kisa chake husimuliwa sana kama ushujaa wa mtu mmoja, na ushujaa ule sitaupunguza hata chembe. Lakini kwa anayeuliza kanisa lifanye nini mbele ya UKIMWI, wa kutazamwa zaidi ni wale aliowaendea na habari yake, yaani wakubwa wake chuoni na askofu wake. Mikononi mwao habari ile ingeweza kuishia kwenye barua ya kumwachisha kazi, au kwenye "likizo" isiyo na mwisho. Haikuishia huko.

Ugonjwa uliolala kwenye vitanda vya kanisa

Wagonjwa wa kwanza Uganda waligunduliwa mwaka 1982 huko Kasensero, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Viktoria wilayani Rakai, si mbali na mpaka wa Tanzania. Waganda waliuita ugonjwa huo "slim" kwa jinsi ulivyomkondesha mtu. Ng'ambo ya mpaka, Kagera, watu waliuita "Juliana", jina la nguo za mtindo zilizovushwa kutoka Uganda. Wagonjwa watatu wa kwanza kuandikwa rasmi Tanzania, mwaka 1983, walikuwa katika Hospitali ya Ndolage, ambayo ni ya Walutheri. Kwa hiyo kanisa halijawahi kuwa mtazamaji wa mbali katika jambo hili. Tangu mwanzo ugonjwa ulilala kwenye vitanda vyake.

Ilipofika 1992, katika baadhi ya kliniki za wajawazito mijini Uganda karibu akina mama 30 katika kila 100 waliopimwa walikutwa na virusi. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijawafikia wananchi. Mtu akijulikana anao, majirani walianza kumhesabia siku.

Ukimya, hata hivyo, ulikuwa umeanza kuvunjwa. Noerine Kaleeba, baada ya kufiwa na mumewe, alianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye virusi na familia zao, pamoja na wenzake mwaka 1987. Hospitali za Kikatoliki za Nsambya na Kitovu zilikuwa zikiwafuata wagonjwa majumbani. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza hali yake, akazunguka kwenye shule na makanisa kuwaambia vijana, na akafariki Desemba mwaka huohuo.

Naitaja hali hiyo kwa sababu inaonyesha mahali penye kazi ngumu. Kuuguza, kanisa liliweza. Lilikuwa na masista, wauguzi, akina mama wa kupika uji na kuosha vidonda. Mgonjwa akiwa kitandani ni wa kuhurumiwa, na kanisa linaijua huruma. Kazi ngumu huanza pale mwenye virusi anapokuwa mzima, amevaa joho, na anatakiwa Jumapili asimame mbele ya watu kuwafundisha. Kanisa lisilomwogopa mgonjwa wodini laweza kabisa kumwogopa mtu huyohuyo akiwa madhabahuni.

Kigezi, nchi ya kuungama

Kuna jambo la mahali hapo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Kabale ni Kigezi, na Kigezi ni mojawapo ya vitovu vya ule Uamsho wa Afrika Mashariki uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya. Waliookoka katika Uamsho ule walijifunza "kutembea nuruni": mtu husimama mbele ya ndugu, anaitaja dhambi yake kwa jina lake, anaomba msamaha, anakumbatiwa. Uamsho huo uliyajenga makanisa yetu kwa namna nyingi, na mazoea yake yamo ndani yetu hata tusipojiita walokole.

Sasa msikilizaji aliyelelewa hivyo akimwona kasisi amesimama na kusema "nina virusi vya UKIMWI", sikio lake linangoja sehemu ya pili. Linangoja aseme alizini lini na nani. Habari ya afya inapokelewa kama ungamo lililokatizwa katikati, na maswali yanaanza: aliupata wapi? Ni yeye aliyeuleta au ni mkewe?

Swali hilo, "uliupata wapi", nadhani limeua watu wengi kwenye sharika zetu kuliko tunavyothubutu kukubali. Likishaulizwa, waumini hugawanywa mafungu mawili. Mtoto aliyezaliwa na virusi, mke aliyeletewa na mume, aliyeongezewa damu hospitalini, hao wanapewa huruma. Waliobaki wanapewa hukumu. Na kwa kuwa hakuna anayejua atatiwa fungu gani, wote wanajificha, wakiwemo hao wa fungu la kwanza. Mtu anaacha kwenda kupima ili asipate jibu atakalolazimika kulitolea maelezo.

Kanisa linaloshughulika na VVU haliwezi kuendelea na swali hilo hata kwa upole, hata "kwa maombi". Mlangoni mwa kliniki kuna mambo ya kuuliza: umeanza dawa? Unazimeza kila siku? Una nauli ya kurudi mwezi ujao? Nani nyumbani anajua? Hayo yanatosha kwa mchungaji pia.

Askofu alivyofanya

Askofu wa Dayosisi ya Namirembe, Kampala, wakati huo alikuwa Misaeri Kauma. Kwa nilivyokisoma kisa hiki, uamuzi wake mkubwa haukuwa waraka. Alimchukua Byamugisha akampa kazi, naye akaanza kuishughulikia habari ya UKIMWI ndani ya dayosisi akiwa mtumishi kamili wa kanisa. Kauma mwenyewe aliongoza pia Tume ya UKIMWI ya Uganda, iliyoundwa na serikali mwaka 1992, ambayo viti vyake vya juu vilikaliwa na maaskofu, wa Kikatoliki na wa Kianglikana. Serikali ilijua kwamba kijijini neno la askofu hufika mahali ambapo gari la wizara halifiki.

Kubaki kazini kuna maana ya mshahara, na mshahara una maana ya chakula. Mwenye VVU aliyefukuzwa kazi huugua haraka kuliko aliyebaki nayo, jambo ambalo hata asiye daktari analiona. Lakini kuna kubwa zaidi ya mshahara, nalo ni meza ya Bwana.

Waanglikana hunywea kikombe kimoja. Katika miaka ile hofu ya kikombe ilikuwa hofu ya kweli: watu walijiuliza kama midomo ya jirani itawaletea kifo. Virusi haviambukizwi kwa kunywea chombo kimoja, wala kwa mate, na hili lilishajulikana kitaalamu. Elimu hiyo ungeweza kuitoa kwa semina na vipeperushi, watu wakapiga makofi, na Jumapili wakakaa mbali na kikombe. Kasisi mwenye VVU anapobaki kuwa kasisi, anayebariki mkate na kugusa mikono ya watu, mafundisho yote yale yanajengewa mwili. Aliyepokea kwake na kurudi nyumbani mzima hahitaji kipeperushi.

Kwa hiyo nasema jibu bora la kanisa katika kisa hiki lilikuwa tendo la kiofisi. Halikugharimu mradi wala halikungoja mfadhili. Lilihitaji kiongozi aliye tayari kubeba manung'uniko ya waumini. Na manung'uniko ya waumini yana bei yake, kila askofu anaijua: sadaka hupungua na barua zisizo na jina hufika mezani.

Udhaifu wake pia lazima usemwe. Tendo lile lilisimama juu ya mabega ya watu wachache. Kasisi mwenye hali ileile, aliye na askofu mwingine, hakuwa na kitu cha kushika mkononi: hapakuwa na kanuni iliyosema mtumishi hataondolewa kwa sababu ya VVU. Wema wa mkubwa mmoja huondoka na mkubwa huyo.

Halali na salama

Byamugisha hakubaki kuwa shuhuda wa kusikitisha. Aligeuka mwalimu, na fundisho lake moja lilinifanya niyatazame upya mahubiri niliyokulia.

Sisi tulifundishwa mstari mmoja: ndani ya ndoa ni salama, nje ya ndoa ni hatari. Yeye alisema hapo kuna mambo mawili yaliyochanganywa. Kuna tendo kuwa halali mbele ya Mungu na sheria, na kuna tendo kuwa salama kwa mwili. Tendo laweza kuwa halali na salama. Laweza kuwa halali na lisiwe salama, kama kwa wanandoa waaminifu ambao mmoja wao ana virusi bila kujua. Laweza kuwa haramu na hatari, na laweza kuwa haramu bila kuambukiza mtu. Virusi havisomi cheti cha ndoa.

Fikiria maana yake kwa msichana aliyejitunza hadi harusi, akaolewa kanisani kwa shangwe zote, akabaki mwaminifu, na katika mimba ya kwanza akaambiwa kliniki kwamba anao. Alitii kila neno la mimbari. Mimbari ilimwahidi usalama ambao haikuwa na uwezo wa kuutoa, kwa sababu haikuwahi kumwambia mumewe apime, wala kumwambia yeye kwamba ana haki ya kuuliza. Kuhubiri usafi wa ndoa ni kazi ya kanisa na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kuihubiri kana kwamba ni kinga ya kitabibu.

Kwa sababu hiyo Byamugisha alizungumza waziwazi juu ya kondomu, na Wakristo wenzake wengi walimlaumu. Baadaye yeye na wenzake walieneza utaratibu unaoitwa SAVE badala ya kutegemea tu ile kaulimbiu ya kusubiri, kuwa mwaminifu na kutumia kondomu. Herufi zake nne zinasimamia njia zote zilizo salama zaidi za kujikinga (pamoja na damu safi na kumkinga mtoto), upatikanaji wa dawa, ushauri nasaha na kupima kwa hiari, na kumpa mtu uwezo kwa elimu. Ndani yake mwenye virusi ana nafasi. Katika ile ya zamani alikuwa mtu aliyeshindwa masharti.

Harusi ya 1995

Mwaka 1995 alioa tena. Mke wake wa pili, Pamela, naye alikuwa anaishi na VVU. Watu walishangaa, na wengine walikwazika: wenye virusi wanaoana ili iweje? Wakapata watoto, na kwa msaada wa dawa za kumkinga mtoto, watoto hao walizaliwa bila virusi. Utafiti uliofanyika Mulago, Kampala, na kutolewa mwaka 1999, ulionyesha kwamba dozi moja ya nevirapini kwa mama wakati wa uchungu na moja kwa mtoto hupunguza maambukizi karibu nusu. Utaratibu wa leo ni bora zaidi: mama anayemeza dawa zake vizuri tangu mapema ana nafasi kubwa mno ya kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na virusi.

Hapo lazima niseme juu ya cheti cha kupima VVU. Makanisa mengi Uganda, Kenya na kwetu Tanzania yamekuwa yakidai wachumba walete majibu ya VVU kabla ya kutangazwa kanisani. Najua nia ni njema. Wachungaji wengi walizika maharusi waliowafungisha wenyewe. Lakini tazama kinachotokea. Majibu yanafika ofisini kwa mchungaji, kwa katibu, kwa mzee wa kanisa. Matangazo ya ndoa yaliyosomwa mara moja yanasitishwa, na mtaa mzima unajua kwa nini. Mwenye jibu zuri naye haambiwi kwamba mtu aliyeambukizwa majuzi aweza kupimwa asionekane, wala kwamba karatasi hiyo haisemi lolote juu ya mwaka ujao.

Sheria nayo imeshasema. Ile ya Kenya ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupima VVU kama sharti la ndoa, ajira au kujiunga na chuo. Ya Tanzania ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima isipokuwa katika mambo machache iliyoyataja, kama amri ya mahakama. Byamugisha huorodhesha maadui sita wa mapambano haya: unyanyapaa, aibu, kukana, ubaguzi, kutotenda, na kutenda visivyo. Cheti cha lazima nakiweka kwenye hilo la sita. Wachumba wakae na mshauri, wapime pamoja, wasomewe majibu wao wawili peke yao, na mchungaji aulize tu kama wamekwenda. Wakiamua kuoana huku mmoja anao, wafungishwe ndoa.

Dawa na Samunge

Mpaka mwaka 2000 dawa za kufubaza virusi ziligharimu takriban dola 10,000 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwaka. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuzitoa kwa dola 350. Ukaja PEPFAR, mpango wa Marekani wa kugharamia mapambano ya UKIMWI katika nchi nyingine, mwaka 2003, na kuanzia mwaka uliofuata Uganda ikaanza kuzitoa bure. Byamugisha, aliyekuwa amezipata mapema kuliko wenzake wengi, aliligeuza jambo hilo kuwa dai: kama yeye anaishi, kwa nini wengine wazikwe?

Nchini kwetu mtihani wa kanisa juu ya dawa ulikuja 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alisema Mungu amemwonyesha dawa ya mti inayoponya kisukari, saratani, UKIMWI na mengine, kikombe kimoja kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwenye vumbi. Walikwenda maskini na mawaziri. Na kati ya waliorudi wakiamini wamepona, wapo wenye VVU walioacha dawa zao.

Mwaka huohuo wa 2011, mwezi Mei, zilitangazwa habari za utafiti uliofanyika katika nchi tisa, Kenya ikiwemo: mwenye VVU akianza dawa mapema, uwezekano wa kumwambukiza mwenzi wake unashuka kwa 96%. Tangu hapo imethibitika kwamba anayemeza dawa hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Kama kuna habari njema ya kutangazwa toka madhabahuni, ni hiyo. Lakini kwenye mimbari nyingi mwaka ule kilichotangazwa ni safari ya Samunge.

Sitaki kanisa liache kuwaombea wagonjwa. Sala ya Byamugisha na vidonge vyake vimekaa pamoja katika maisha yake kwa miaka mingi, na hakuna kilichokifukuza kingine. Ninachodai ni sentensi moja itamkwe katika kila ibada ya uponyaji, na anayeongoza ibada mwenyewe: usiache dawa mpaka daktari wako aseme. Mhubiri anayeona ugumu kuitamka sentensi hiyo asiruhusiwe kuweka mikono juu ya mgonjwa.

Baada ya mmoja

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Byamugisha na wenzake waliunda ANERELA+, mtandao wa viongozi wa dini Afrika wanaoishi na VVU au walioguswa navyo moja kwa moja. Baadaye ulivuka bara ukaitwa INERELA+, na matawi yake yapo Kenya na Tanzania pia. Waislamu wamo pamoja na Wakristo. Mwaka 2009 Byamugisha alipewa Tuzo ya Amani ya Niwano huko Japani.

Mtandao huo ulianza kujaza pengo nililolitaja, la watumishi wasio na askofu kama Kauma. Lakini nao ulizaa tabia ninayoiogopa. Sharika zikajifunza kumwalika "shuhuda" kila Desemba mosi, Siku ya UKIMWI Duniani, asimame, alie, ashangiliwe, kisha arudi nyumbani hadi mwaka ujao. Kutangaza ni hiari. Mwenye VVU ambaye hajamwambia yeyote isipokuwa muuguzi wake ni Mkristo kamili, na aachwe aimbe kwaya yake kwa amani.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kliniki nyingi zilizotegemea fedha hizo zikayumba. Hospitali za makanisa ziliguswa. Sharika zinaweza kusaidia pale zilipo: kuchangia nauli ya kliniki, kuwa na mtu wa kumtembelea aliyekosa tarehe yake ya dawa, kuwapa kina mama wenye virusi nafasi ya kukutana bila bango mlangoni.

Lakini kuna jambo lililo mikononi mwa wakuu wa makanisa peke yao. Vipo vyuo vya theolojia na seminari ambavyo vimekuwa vikidai majibu ya VVU kwa anayeomba kusomea utumishi, na mwenye virusi anarudishwa nyumbani kimyakimya, mara nyingi bila barua yenye sababu. Hoja ya zamani ilikuwa kwamba kanisa halina fedha ya kumsomesha mtu atakayekufa kabla ya kuhudumu. Leo kijana anayemeza dawa zake anaweza kuhudumu hadi astaafu, na hoja hiyo haina pa kusimama. Kama mlango ule unamzuia, Byamugisha wa kizazi hiki yuko nje ya chuo, na hakuna askofu atakayepata nafasi ya kuamua lolote juu yake. Sinodi na halmashauri kuu zenye kipengele hicho kwenye fomu zikifute, kisha ziandike kwenye katiba zao kwamba mtumishi hataondolewa kazini wala kunyimwa daraja kwa sababu ya VVU.